Kidari cha Chuma

Wiki iliyopita Rehema, binti wa jirani yangu hapa Pasua, alinikuta barazani namenya ndizi. Akanitolea shikamoo ya haraka haraka, kisha akanisogezea simu sikioni. Alikuwa amerekodi gari lake likitembea.

"Babu, sikia. Linalia huuu, kama ndege inataka kupaa. Nimeangalia video nne, wote wanasema ni beringi ya tairi la nyuma. Nataka nibadilishe mwenyewe."

Nikamwuliza, kwani mafundi wameisha Moshi nzima? Akasema mafundi wakimwona mwanamke kashuka kwenye gari, wanamtajia ubovu kuanzia taa ya mbele mpaka bomba la moshi. Hapo nikamkubalia, maana nimekaa gereji miaka thelathini na nane na ninawajua wenzangu.

Basi haya ninayaandika kwa ajili yake, na kwa ajili yenu wote mlionunua gari la kwanza mkadhani video zimemaliza kila kitu. Video ni nzuri, sikatai. Hata mimi naziangalia siku hizi kwa kuwa sina kazi, nacheka peke yangu mpaka mke wangu anauliza kuna nini. Lakini yule kijana wa kwenye video anafanyia kazi kwenye sakafu ya sementi iliyolala kama meza. Sijaona hata mmoja anayefungua tairi Machame.

Mimi nimezaliwa Machame, mlimani Kilimanjaro, na kule kila kitu kimeinama. Nyumba imeinama, kahawa imeinama, ng'ombe zizini anakula miguu ya mbele ikiwa juu kuliko ya nyuma. Mwaka wangu wa kwanza wa ufundi nilikwenda kumfungulia mwalimu mmoja tairi la nyuma uani kwake. Dramu, lile bakuli la chuma linalofunika breki, ikagoma kutoka. Kila fundi anajua sababu: ukiwa umevuta handbreki, breki zinaikumbatia dramu kwa ndani, huwezi kuing'oa. Kwa hiyo nikaachia handbreki. Mawe ya kuzuia tairi za mbele sikuweka, na gia nilikuwa nimeiacha huru.

Gari lilishuka kwenye jeki taratibu, kwa adabu kabisa. Likapita kwenye migomba, likaangusha mitatu, likasimama mlangoni mwa zizi, pua kwa pua na ng'ombe. Ng'ombe hakuacha kutafuna. Mwalimu alinisimamia mpaka nikapanda migomba mingine mitatu kwa mikono yangu, na kwa miaka mingi nilipopita pale nilikuwa nasalimia migomba kwanza, mwalimu baadaye.

Kwa hiyo Rehema, kabla hujashika spana: tafuta mahali tambarare. Weka mawe mbele na nyuma ya tairi za mbele. Ingiza gia. Jeki inainua tu, haishikilii. Chini ya gari weka kigogo au stendi ya chuma. Halafu ndiyo uachie handbreki. Kule kwetu mahali pekee palipolala sawasawa ni uwanja wa kanisa, na ndiyo maana mchungaji wetu anajua majina ya spana zote.

Jambo la pili nilifundishwa na Mzee Hamisi, aliyenipokea gereji hapa Pasua nikiwa na miaka ishirini. Alikuwa mtu wa mjini, msafi, anavaa kanzu Ijumaa na ovaroli siku nyingine, na zote mbili hazikuwa na doa. Sijui alifanyaje. Alikuwa akisema, "Mwanangu, usifungue kitu hujakisikiliza." Alinikalisha kiti cha nyuma, akaniambia nifumbe macho, akaendesha. Ukikata kona ya kulia, uzito wa gari unalalia kushoto. Kelele ikizidi hapo, mgonjwa ni wa kushoto. Ukikata kushoto ikazidi, mgonjwa ni wa kulia. Kisha unainua gari, unashika tairi juu na chini, unalitikisa. Likicheza, umeshampata. Halafu unalizungusha kwa mkono mmoja na kiganja kingine unakiweka kwenye springi. Beringi mbovu utaisikia kiganjani inakwaruza, kama mtu anasaga mahindi chumba cha pili.

Nami kwa ujuaji wangu niliwahi kumbadilishia mama mmoja muuza maziwa beringi ya nyuma bila kusikiliza lolote. Akaondoka, akarudi baada ya nusu saa na kelele ileile. Kumbe tairi lenyewe ndilo lililokuwa limeliwa upande mmoja. Mzee Hamisi hakunigombeza. Alinipa ile beringi niliyoitoa, nzima kabisa, akaniambia niiweke mfukoni wiki nzima. Ilinichania suruali mbili. Siku hizi nikisikia mlio, kwanza nahamisha tairi la nyuma kuja mbele. Mlio ukihama nalo, beringi haina kosa.

Sasa niwaambie habari ya kidari, maana Rehema aliniuliza kama ni kweli beringi inawekwa kwenye friza, nami nilicheka mpaka ndizi zikaanguka.

Lazima kwanza mjue baba yangu. Alikuwa mkulima wa kahawa na mzee wa kanisa, mtu wa maneno machache na fimbo ndefu. Siku niliyomwambia nashuka mjini kujifunza ufundi magari, alikuwa anapogoa kahawa. Hakugeuka. Alisema tu, "Nenda. Nenda ukale chuma." Kuanzia hapo, kwa zaidi ya miaka ishirini, hakuwahi kupanda gari nililoligusa. Hata jina langu alikuwa halitumii. Nikifika nyumbani namsikia anamwuliza mama, "Yule wa grisi amekuja?" Nilikuwa nacheka na wenzangu, ila iliniuma. Nilikuwa na watoto, nilikuwa na wateja mpaka Sanya Juu, lakini baba yangu mwenyewe alikuwa anapanda mlima kwa miguu huku gari langu likimpita.

Krismasi moja kaka yangu Anaeli alipanda kutoka Dar na familia yake. Gari lake tulilisikia kabla hatujaliona. Beringi za nyuma zote mbili zilikuwa zimekufa, na mojawapo ilikuwa inacheza kiasi kwamba nililiinua gari nikasema hili haliendi popote. Ubaya ni kwamba baba alikuwa na safari nalo. Ng'ombe wake alikuwa amekufa kwa uzee, zizi liko tupu, naye alikuwa amempata mtamba kwa mtu mmoja wa Sanya Juu. Yule mtu aliahidi kumshikilia mpaka siku mbili baada ya Krismasi, saa tano asubuhi, basi. Anaeli ndiye angempeleka baba akamkague.

"Litatengenezwa, Baba," Anaeli akasema, na kidole chake kikanielekea mimi.

Baba akanitazama. "Akiligusa huyu, mimi nakwenda kwa miguu."

Hakuwa anatania. Kutoka Machame mpaka Sanya Juu, na miaka yake ile, angekwenda kweli. Nikajiambia, safari hii lazima apande. Nitafunga beringi ambazo hatazisikia hata akitega masikio yote mawili.

Beringi mpya nilizipata mjini kwenye duka la mwisho lililokuwa wazi. Zilikuwa za aina inayoingizwa kwa kubanwa ndani ya dramu, na kazi hiyo inahitaji mashine ya presi. Presi ya gereji yetu ilikuwa imefungiwa, mwenye ufunguo naye kapanda kwao Krismasi. Desemba hapa kwetu hilo ni la kawaida: mji unabaki na mbwa.

Kuna watu wakikosa presi wanapiga nyundo. Vijana, msipige nyundo katikati ya beringi. Ukigonga pete ya ndani, zile gololi zinachapa alama kwenye njia yake, na beringi inakuwa imekufa kabla haijafanya kazi hata siku moja. Mzee Hamisi alinifundisha njia nyingine. Chuma kikipoa kinanywea, kikipata moto kinatanuka. Laza beringi kwenye friza usiku kucha. Asubuhi chemsha dramu kwenye maji, wala usiiweke motoni moja kwa moja, kisha ifute, chukua beringi upesi, iweke sawasawa. Inazama yenyewe.

Friza tulikuwa nayo. Anaeli alimletea mama mwaka wa nyuma. Beringi nikazitoa kwenye maboksi, nikazifunga pamoja zisishike unyevu wala harufu ya samaki. Nilizifunga na nini? Mtu wa Machame hafikirii mara mbili. Nilikata jani la mgomba, nikalipitisha motoni lilainike, nikazifunga vizuri na kamba ya mgomba.

Siku ya Krismasi tukachinja mbuzi. Kwetu mbuzi akichinjwa kila mtu ana fungu lake, na kidari, ile nyama ya kifua, ni cha baba. Hakipelekwi jikoni kwanza. Anakabidhiwa mkononi, mbele ya ndugu, akifungue na kukikata mwenyewe, aone ameheshimiwa. Baba siku ile alikuwa kanisani na wazee wenzake mpaka jioni, na ndugu wangekuja kesho yake. Kwa hiyo shemeji yangu, mke wa Anaeli, akakihifadhi kidari kwenye friza. Alikifunga na nini? Na yeye ni wa Machame.

Kesho yake asubuhi mimi na Anaeli tulikuwa uwanja wa kanisa, gari juu ya vigogo, dramu ya kwanza inachemka kwenye sufuria kubwa ya mama, ambayo mama hakuwa na habari. Maji yalipokolea nikapanda nyumbani mbio, nikafungua friza, nikakwapua kifurushi, nikashuka mbio kisije kikapata joto. Nikalifungua jani.

Anaeli akachungulia, akaniita kwa utani jina la machifu wetu. "Mangi, hii beringi ina mbavu."

Kilikuwa kidari. Kizuri, kina mafuta. Sikumaliza hata kucheka. Nilikumbuka kwamba ndugu walikuwa wanaanza kufika, nikapanda tena ule mlima, na sijawahi kukimbia vile tangu niachane na shule.

Nilichelewa. Nilipofika mlangoni wazee wote walikuwa wamekaa, kifurushi kiko magotini kwa baba, kisu tayari kinakata kamba. Kisu kikashuka kikagonga chuma. Baba akafunua jani, akainua beringi moja, bado inatoa moshi wa baridi. Akaitazama juu, akaitazama chini, kisha akanitazama mimi kupitia tundu lake.

"Nilikuambia ukale chuma," akasema polepole. "Kumbe ulikuwa unaniwekea na mimi fungu langu."

Hakuna aliyecheka. Mnaelewa? Mbele ya ukoo mzima, ilionekana kama nimemjibu. Kama vile miaka ishirini nilikuwa natafuta nafasi. Nilitaka kueleza habari ya friza, lakini kidari nilikuwa nimekiacha chini na Anaeli. Baba akaweka beringi mezani, akachukua fimbo, akatoka.

Baba mdogo alinishika bega. "Maneno hayatakusaidia. Kata isale."

Isale ni ile mimea ya majani marefu tunayoiotesha mpakani mwa kihamba, shamba la ukoo la kahawa na migomba. Ukimkosea mtu, unakwenda kwake na jani la isale, umesindikizwa na mkubwa, unaomba radhi. Jani hilo halikataliwi. Nikakata moja, baba mdogo akatangulia, tukamkuta baba kwenye zizi tupu. Nikampa kwa mikono miwili, nikasema nimekosa, na nikamweleza yote, hata ile sufuria.

Alilipokea. "Isale haikataliwi," akasema. "Yameisha." Nikapumua. Kisha akaongeza, "Lakini gari sipandi. Kesho naondoka alfajiri."

Nikarudisha beringi kwenye friza, maana zilikuwa zimeshapata joto. Safari hii nilizitia kwenye bati la mkate na juu nikaandika kwa chokaa, SI NYAMA. Mama aliponiona akasema, "Andika na kwenye sufuria yangu, SI GEREJI."

Alfajiri tulikuwa tena uwanja wa kanisa, dramu mbili zinachemka. Baba akapita barabarani na koti lake na fimbo, anaelekea Sanya Juu. Hakutusalimia. Akapita. Halafu akasimama, akarudi, akasogea mpaka kwenye sufuria.

"Kwa nini uliweka chuma kwenye barafu?"

Nikamweleza. Baridi inakifanya kinywee, moto unakitanua, kile kilichonywea kinaingia ndani ya kile kilichotanuka, na vikishapata joto moja vinashikana, hata kwa nyundo havitoki.

Akachungulia dramu kwenye maji. "Panga natia mpini hivyohivyo. Nachoma chuma kwanza."

"Ndiyo, Baba. Ni kazi ileile."

"Hebu."

Nikaopoa dramu ya kushoto, nikaifuta, nikachukua beringi kutoka kwenye bati, nikaipangusa umande, nikaiweka mdomoni mwa tundu. Niliomba Mungu, sitawaficha. Ikasema *tup*, ikazama mpaka chini. Baba akainama akaitazama. Akaigusa kwa ncha ya fimbo.

"Rudia."

"Hairudiwi, Baba. Ikishaingia imeingia. Lakini ipo ya kulia."

Akaegemeza fimbo ukutani, akavua koti. "Lete."

Nikaopoa dramu ya kulia, nikaifuta, nikamwambia achukue kitambaa, akakataa, akaokota jani kavu la mgomba akaikamatia beringi nalo. Nikamwambia aiweke sawasawa, asiilaze upande hata kidogo. Akanijibu kwamba ametia mipini tangu sijazaliwa. Aliishusha, akaiachia, ikasema *tup*. Na baba yangu akacheka. Kicheko kizima, cha sauti, mpaka Anaeli akaacha kuchochea moto.

Yaliyobaki nikayafanya upesi, nanyi msiyaruke: kuna pete ya kufungia inayozuia beringi isitoke, ihakikishe imekaa kwenye mfereji wake kote. Nati ya katikati nunua mpya, usirudishe ya zamani, na uikaze kwa spana ya kipimo, usikisie kwa nguvu za mgongo wako. Zungusha tairi kwa mkono, lizunguke kimya. Na kama gari lako ni la siku hizi, angalia waya mdogo wa sensa ya breki, usiuvute. Mengi ya sasa beringi inakuja na habu yake nzima, yaani kile kitovu kinachobeba tairi, unafungua boli nne tu. Rehema, la kwako ni la namna hiyo, nimeshachungulia. Friza yenu ibaki na samaki.

Halafu ukishatembea umbali kidogo, simama, ugeuze mkono, uguse rimu kwa mgongo wa kiganja. Tairi ulilofungua likiwa na moto kuliko mengine, umekosea mahali. Rudi nyumbani polepole.

Nilipokuwa nakusanya spana, baba aliweka fimbo ndani ya gari, akaingia kiti cha nyuma upande wa kulia, juu ya tairi lake. Kila kona ya kushoto alikuwa anainamisha kichwa kusikiliza, na ikipita anakaa sawa, anaangalia nje kama mtu asiye na jambo.

Sanya Juu tulifika kabla ya saa tano. Mtamba alikuwa palepale, mwekundu, macho makubwa. Wakati wanasalimiana nikazunguka gari, nikagusa rimu zote mbili za nyuma. Zilikuwa vuguvugu sawasawa na za mbele. Mwenye mtamba, ambaye alimjua baba kwa kutembea, akashangaa.

"Mzee, leo umekuja na gari? La nani?"

"La Anaeli," baba akasema. "Tairi la kulia nimelifunga mimi. La kushoto kalifunga fundi."

"Fundi gani?"

Baba akanyoosha fimbo. "Huyu. Mwanangu."

Nikainama haraka nikagusa tena rimu ya kushoto, ingawa nilikuwa nimeigusa muda si mrefu, na nikabaki nimechuchumaa pale mpaka walipokwenda kumtazama mtamba.